Jogoo Aliyekuja kwa Majaribio

Kasuku alivua viatu nje ya mlango, kama alivyofanya kila siku akitoka shule. Akavishika mkononi, akausukuma mlango kwa bega taratibu ili bawaba zisilie, kisha akaingia akitembea kwa ncha za vidole. Aliijua nyumba ile kipande kwa kipande. Alijua kwamba kabati la vyombo hulia ukilifungua kwa haraka, na kwamba mfuniko wa sufuria ukiuinua kwa upande haugongi. Mgeni angemwona wakati ule angedhani ni mwizi aliyekuja kuiba maharage.

Hakuwa mwizi. Nyumba ilikuwa yao, na katika chumba cha pili, nyuma ya pazia zito la bluu, baba yake alikuwa amelala.

Baba alikuwa mwokaji mikate. Watu wengine wanapopanda kitandani, yeye ndiyo kwanza anafunga aproni na kuanza kukanda unga. Usiku kucha alikata madonge, akayapanga kwenye trei, akayaingiza katika tanuri na kutoa mikate. Asubuhi alirudi nyumbani akiwa na unga hadi kwenye nyusi, na mkate wa moto kwapani. Hapo ndipo walipokutana, yeye akiingia, Kasuku akitoka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Kasome."

Mazungumzo yao ya asubuhi yalikuwa hayo tu. Baba alilala mpaka jua lilipokaribia kuzama, akaamka, akaoga, wakala pamoja haraka haraka, akaenda tena kazini.

Jina la Kasuku alipewa na dada yake. Mama yao alifariki Kasuku akiwa bado anatambaa, kwa hiyo dada ndiye aliyemlea, akamsuka nywele na kumkemea inapobidi. Alisema mtoto huyu alianza kuongea kabla ya kutembea na tangu siku hiyo hajanyamaza. Wawili hao walikuwa wakiosha vyombo uani huku wakinong'ona, na kicheko kikiwazidi waliziba midomo kwa viganja ili wasimwamshe baba. Mwanzoni mwa mwaka dada aliolewa, akahamia mji wa mbali. Aliacha kitanda kitupu na kuku wanne.

Ili mtoto asilale peke yake, jirani yao mzee aliyeitwa Bi Cherehani, fundi wa nguo, alikuja kila usiku kulala kwenye kitanda cha dada. Alikuwa mtu mwema sana. Lakini kushona kutwa nzima si mchezo, na kichwa chake kilipogusa mto tu, alikuwa ameshakwenda. Kasuku alianza kumsimulia mambo ya shule, na kabla hajamaliza kipindi cha kwanza, alijibiwa kwa mkoromo.

Kwa hiyo Kasuku alikuwa mpweke. Neno hilo hakulitamka kwa mtu yeyote, kwa sababu aliona ni neno la watu wazima, tena waliozeeka. Alijikaza kisabuni, akaenda shule, akarudi, akaosha vyombo bila kuvigonganisha, kisha akatoka uani kuzungumza na kuku kwa sauti ya chini.

Kuku nao walikuwa na majina. Kulikuwa na Kipensi, mwenye manyoya yaliyoshuka hadi magotini, na Bibi Afya, ambaye alikagua kila sufuria iliyoanikwa. Kulikuwa na Mchelewaji, aliyefika kwenye pumba wenzake wakiwa wameshamaliza. Na kulikuwa na Madoa, mkimya kuliko wote, ambaye siku moja alikataa kata kata kutoka kwenye kiota. Kasuku alipochukua mayai yake, Madoa alijivimbisha, akamdonoa kidole, kisha akaendelea kulalia majani makavu. Kesho yake alikuwa pale pale. Na keshokutwa pia.

Shuleni Kasuku alimweleza rafiki yake wa dawati, ambaye bibi yake alifuga kuku nje ya mji.

"Anataka kuangua," rafiki yake alisema. "Mna jogoo?"

"Hatuna."

"Basi hataangua kitu. Mayai bila jogoo ni ya kukaanga tu. Atakaa hapo mpaka achoke."

Kasuku hakucheka. Kumfikiria Madoa akisubiri kitu ambacho hakiji kulimuuma, pengine kuliko inavyostahili mtu kuumia kwa ajili ya kuku.

"Bibi ana majogoo watatu," rafiki yake aliendelea. "Kutwa wanapigana. Anatafuta wa kumpa mmoja."

"Baba yangu analala mchana," Kasuku alisema. Kisha akafikiri kidogo, uso ukamchangamka. "Lakini jogoo si anawika alfajiri? Alfajiri baba yupo kazini. Atakuwa anarudi kulala, jogoo ameshamaliza."

Rafiki yake alifungua mdomo kutaka kusema kitu. Kengele ikalia, mwalimu wa hesabu akaingia, na kitu hicho hakikusemwa tena.

Jioni ile, baba akiwa anakula, Kasuku alikaa mbele yake.

"Baba, nataka jogoo."

Kijiko cha baba kiliishia njiani. "Jogoo wa nini? Mayai si tunapata?"

"Mayai tunapata. Vifaranga hatupati. Madoa amelalia majani, baba. Anatia huruma."

"Na mimi je? Nisipolala, nani atanihurumia?"

Kasuku alimpa hesabu yake ya alfajiri, na alimpa vizuri, kwa mpangilio, kama anajibu swali ubaoni. Baba alisikiliza huku akimtazama usoni. Kuna kitu alikuwa anakitafuta pale.

"Ni vifaranga tu unaotaka?" aliuliza. "Hakuna kingine?"

Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Kasuku angeweza kusema. Lakini baba alikuwa ameshatupia jicho saa ya ukutani, na kazi ilikuwa inamsubiri.

"Vifaranga tu, baba."

"Haya. Basi aje kwa majaribio, kama tunavyofanya kwa vijana wapya kazini. Akifaa, anabaki. Asipofaa, anarudi kwa mwenyewe. Na wewe ndiye utakayeniambia kama anafaa, kwa sababu mimi nitakuwa nimelala. Sawa?"

"Sawa, baba."

Jogoo aliletwa kwa baiskeli, ndani ya kikapu, miguu imefungwa kwa kipande cha kitambaa. Alipofunguliwa hakukimbia. Alijikung'uta, akazunguka ua wote kwa hatua za taratibu, akakagua banda, akakagua debe la maji, akamtazama Kasuku kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Kasuku akamwita Meneja papo hapo.

Alfajiri ya kwanza Meneja alipiga ukelele uliomketisha Bi Cherehani kitandani.

"Nani huyo?"

"Ni Meneja, bibi. Jogoo wetu."

"Mwambie ofisi bado haijafunguliwa," alisema Bi Cherehani, akajilaza tena.

Ua ulibadilika. Meneja alikuwa na vituko. Akiona punje alishtuka kana kwamba amegundua madini, akawaita kuku wote kwa sauti ya haraka haraka, na wakija akajifanya hana hamu ya kula. Mchelewaji akifika, Meneja alimtafutia punje yake peke yake. Mchana wa Jumamosi Kasuku alikuwa ameketi juu ya ndoo akimtazama akigombana na kivuli chake mwenyewe, akajikuta anacheka kwa sauti, kicheko kilichotoka tumboni. Hakikuzibwa kwa kiganja. Alishtuka mwenyewe kukisikia.

Ndipo Meneja aliporuka juu ya debe, chini kabisa ya dirisha la baba, akanyoosha shingo na kuwika. Jua lilikuwa utosini.

Kasuku alimfukuza, naye Meneja akahamia juu ya ukuta na kuwika tena. Alasiri aliwika alipoona paka. Aliwika pikipiki ilipopita, aliwika Kipensi alipotaga, na mara nyingine aliwika bila sababu yoyote, kwa kujisikia tu. Ile hesabu ya ubaoni haikuwa hesabu hata kidogo. Jogoo huwika alfajiri, hilo ni kweli. Lakini hakuna aliyemwambia Kasuku kwamba baada ya hapo huendelea.

Baba alipoamka, macho yake yalikuwa mekundu.

"Meneja vipi?" aliuliza akimimina chai. "Anawika mchana?"

Kasuku alikitazama kikombe chake. Akisema ndiyo, jogoo ataondoka, na ua utarudi kuwa ule wa zamani, wenye kunong'ona.

"Hawiki, baba. Labda kidogo tu. Kwani wewe ulimsikia?"

"Mimi?" Baba alikoroga chai yake kwa muda mrefu. "Nililala fofofo. Sikusikia kitu."

Wakanywa chai. Kila mmoja alikuwa amemdanganya mwenzake, na chai ilikuwa tamu.

Siku zikaenda. Mayai yalipoanza kuwa na mbegu, Kasuku aliyachukua machache na kuyaweka chini ya Madoa. Madoa aliyasukuma kwa mdomo moja baada ya jingine, akayaingiza chini ya kifua, akatulia. Kasuku alimwandalia maji na pumba karibu, akamtakia kila la heri. Angeweza kumrudisha Meneja siku ile ile, maana kazi aliyoitiwa ilikuwa imekwisha. Wazo hilo lilipokuja, Kasuku alilifukuza kama alivyomfukuza Bibi Afya kutoka kwenye sufuria.

Wakati huo baba alianza kubadilika. Alitia chumvi kwenye chai, akainywa yote bila kugundua. Siku moja alisinzia kijiko kikiwa mdomoni. Kasuku alijaribu kumfungia Meneja gizani ndani ya banda kabla ya kwenda shule, akaziba matundu kwa magunia. Aliporudi alikuta mlango wa banda uko wazi, na Meneja yuko juu ya ukuta akihutubia mtaa mzima.

"Nilimfungulia mimi," baba alisema jioni. "Alikuwa anahema kwa joto, maskini. Kwa nini ulimfungia?"

"Asije akadonoa mboga za jirani."

Baba aliitikia kwa kichwa. Kasuku hakumuuliza amejuaje kwamba jogoo anahema saa ambayo yeye husema amelala fofofo. Swali hilo alilikwepa, kwa sababu jibu lake alilijua.

Kisha asubuhi moja baba alirudi nyumbani bila mkate. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko.

"Baba, umefanya nini?"

"Trei ilikuwa na moto kuliko nilivyodhani. Ni mambo ya kawaida kazini. Nenda, utachelewa."

Kasuku alikwenda, lakini darasani hakusikia kitu. Kwa bahati siku ile walimu walikuwa na kikao, na wanafunzi waliruhusiwa mapema. Alitembea mbio mbio hadi nyumbani, akavua viatu, akaingia kimya kimya. Pazia la bluu lilikuwa wazi. Kitanda cha baba kilikuwa kimetandikwa vizuri, shuka imenyooshwa, na hapakuwa na mtu. Dirishani alikuwa amesimama Meneja, akiwika kuelekea ndani ya chumba kitupu.

Kasuku alitoka peku akakimbilia kwa Bi Cherehani.

Karakana ya Bi Cherehani ilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara, mlango wazi, nguo zilizokamilika zimetundikwa ukutani na vipande vya vitambaa vimetapakaa chini. Bi Cherehani alikuwa kwenye cherehani yake ya miguu, akiikanyaga bila kupumzika. Alipomwona Kasuku aliweka kidole mdomoni, kisha akaonyesha chini ya meza ya kukatia nguo.

Baba alikuwa amelala pale chini, juu ya mabaki ya vitambaa, magoti ameyakunja kwa sababu meza ilikuwa fupi kuliko yeye. Mkono wenye bandeji ulikuwa juu ya kifua. Unga ulikuwa bado kwenye nyusi zake.

Kasuku alitazama cherehani. Sindano ilikuwa inapanda na kushuka, lakini chini yake hapakuwa na nguo.

"Bibi, unashona nini?"

"Sishoni kitu," alinong'ona Bi Cherehani. "Kazi ya leo nilishamaliza. Lakini nikisimama anaamka. Sauti hii inakwenda kwa mdundo mmoja, amekwisha kuizoea. Kile kijogoo chenu kinamshtua kila anapopata lepe."

"Anakuja hapa kila siku?"

"Ukishakwenda shule tu, na anarudi kitandani kabla hujatoka shule. Alijaribu pamba masikioni, alijaribu kulala huko huko kazini juu ya magunia, wakamtoa. Kaniomba nisikwambie. Nami nimenyamaza, na nimefanya vibaya." Miguu yake haikusimama. "Usiku wa kuamkia leo alisinzia amesimama mbele ya tanuri, mtoto wangu. Mkono ukaangukia kwenye trei. Ungekuwa uso je? Msimamizi wake amemwambia, kama hawezi kukaa macho asilikaribie tanuri tena. Na mwokaji asiyekaribia tanuri ataoka nini?"

Kasuku aliinama akautazama mkono wenye bandeji.

"Nikuulize na mimi," Bi Cherehani alisema. "Mayai si yako chini ya kuku? Kazi aliyoitiwa jogoo si amekwisha kuimaliza? Mbona bado yupo?"

Swali lilikuwa jepesi, na Kasuku alikuwa na jibu lake tumboni tangu zamani. Lakini hakuwahi kulisema hata kwa kuku. Alikaa kwenye kizingiti cha karakana, akaikumbatia miguu yake, akasubiri. Watu walipita na shughuli zao. Nyuma yake cherehani iliendelea kwenda.

Hatimaye Bi Cherehani alichoka. Mdundo ukasimama, na baba akafumbua macho. Alipomwona binti yake mlangoni aliinuka haraka, akagonga kichwa kwenye meza.

"Umerudi mapema," alisema akijisugua kichwa.

"Ulisema unalala fofofo, baba."

Baba alimtazama Bi Cherehani. Bi Cherehani alianza kukusanya sindano ambazo hazikuwa zimetawanyika.

"Jumamosi ile ya kwanza," baba alisema polepole, "nilimsikia. Nilitoka kitandani kwa hasira, nikasema naenda kumkamata huyu sasa hivi. Nikafika dirishani. Wewe ulikuwa umekaa juu ya ndoo, unacheka." Alijifuta unga kwenye nyusi. "Tangu dada yako aondoke sikuwahi kukusikia ukicheka. Nikarudi kitandani. Nikasema usingizi nitautafuta kwingine, lakini kicheko hiki nikikifukuza, nitakipata wapi?"

Machozi yalimtoka Kasuku bila kuomba ruhusa. "Mimi nilijua anawika mchana. Nilikudanganya ili asiondoke."

"Najua. Na mimi nilijua kwamba unajua."

"Nimekuunguza mkono, baba."

"Mkono nimeuunguza mwenyewe, kwa kujitia shujaa."

"Na vifaranga sikuwa nawataka sana," Kasuku alisema, na sasa maneno yalitoka yote kwa pamoja. "Nawataka, lakini si sana. Nilitaka nyumba iwe na sauti. Nikirudi natembea kama mwizi. Hakuna anayeniuliza nimesoma nini, hakuna anayenigombeza. Naongea na kuku, na wao hawajibu. Niko mpweke, baba."

Baba alikaa chini pale pale kwenye vitambaa. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umelala."

Baba aliutazama mkono wake wenye bandeji, kisha akamvuta mtoto karibu kwa mkono mzima, na Kasuku akalia mpaka alipotosheka.

Kisha ikawa zamu ya Bi Cherehani. Hakuwa mtu wa kubembeleza, na hakuanza siku ile.

"Sasa nisikilizeni nyote wawili, maana leo ndiyo nimeona mambo. Baba anamficha mtoto kwamba hapati usingizi ili mtoto acheke. Mtoto anamficha baba upweke wake ili baba alale. Kila mmoja anajiona amefanya wema. Na matokeo yake ni nini? Mmoja ameungua, mwingine analia, na mimi nakanyaga cherehani tupu mpaka magoti yananiuma. Kumficha shida yako mtu anayekupenda si kumhurumia. Unamwacha peke yake, na wewe unabaki peke yako. Semeni. Mkishasema, kinachofuata ni kutafuta njia tu, na njia haikosekani."

"Ndiyo, bibi," Kasuku alisema.

"Sikusikia sauti ya pili."

"Ndiyo, mama," alisema baba, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Njia ilipatikana kabla hawajatoka karakana. Meneja alirudishwa jioni ile ile, ndani ya kikapu chake. Bibi wa rafiki alimpokea akicheka, akamwambia Kasuku asiwe na wasiwasi: kuku wao akitaka tena kulalia mayai, aje achukue mayai yenye mbegu kwake, maana kuku hamuulizi mtu mayai haya ni ya nani. Kama vifaranga ndiyo haja, jogoo si lazima aishi nao. Kuhusu Madoa, aliachwa na mayai yake, na baada ya muda alionekana akizunguka uani na vifaranga sita wa rangi tofauti, akimfokea Bibi Afya kila aliposogea kuwakagua.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jambo gumu lilikuwa siku iliyofuata.

Walikuwa wamekubaliana hivi: baba atalala asubuhi mapema bila jogoo, na Kasuku akirudi shule atamwamsha. Watakula pamoja, watazungumza, kisha baba atajilaza tena kidogo kabla ya kazi. Ilikuwa rahisi kuisema. Ila Kasuku alikuwa amezoea kimya kiasi kwamba alipofika mbele ya lile pazia la bluu, alibaki amesimama na viatu mkononi. Alisikia pumzi za baba, nzito, za mtu aliyechoka kweli. Alifikiria kurudi jikoni. Angeweza kusubiri, kama siku zote, na hakuna ambaye angemlaumu.

Akapiga moyo konde.

"Baba," alisema. Sauti ilitoka ndogo mno. Akavuta pumzi, akarudia kwa sauti ya kawaida, ile aliyoitumia zamani. "Baba, nimerudi."

Kitanda kililia. Pazia likasogezwa, na baba akatokea macho yamefumba nusu, nywele zimesimama.

"Mara ya kwanza nilikusikia," alisema. "Nilitaka tu kusikia tena."

Akavuta kiti kwa mguu, akakaa, akaegemeza mkono wenye bandeji juu ya meza, akamuuliza leo shuleni kumekuwa na nini. Kasuku alianza tangu kengele ya asubuhi, na chai ilipoa kabla hajafika kwenye kipindi cha pili.